Pikipiki Mbili kwenye Mteremko wa Kitendaguro

Kwa miaka tisa niliendesha basi dogo la shule mjini Bukoba. Kila asubuhi nilianzia Nyanga, tulikokuwa tukiishi mimi na mke wangu, nikapita Kitendaguro, kisha nikateremka hadi shuleni na watoto ishirini na kitu, wa chekechea na wa madarasa ya chini. Pamoja nami alikuwepo mama mmoja mtu mzima, ambaye kazi yake ilikuwa kuwapandisha watoto, kuwafunga vifungo vya sweta na kuangalia asiwepo anayetoa kichwa dirishani. Sote tulimwita matroni. Yeye aliniita "tata", kama Wahaya wanavyomwita mwanamume kwa heshima, ingawa umri wangu ulikuwa sawa na wa mwanawe wa kwanza.

Ninaandika haya kwa sababu kwa wiki tatu hivi niliwabeba watoto wale nikiwa naona vibaya, na nilikuwa najua.

Siwezi kusema maumivu yalianza lini hasa. Pua yangu imekuwa ikiziba tangu ujana, tangu nilipokuwa nikifanya kazi kwenye mashine ya kukoboa kahawa kule kwetu Kamachumu, wilaya ya Muleba, ambako vumbi la maganda lilikuwa likituingia hadi kooni. Nililala mdomo wazi, nikaamka ulimi umekauka. Nikipewa vidonge vya mafua nilipata nafuu wiki mbili, kisha hali ikarudi ileile. Nikazoea. Nilidhani watu wote wana pua ya namna hiyo, ila wengine hawasemi.

Lakini mwaka ule maumivu yalihama. Yalitoka puani yakapanda juu ya shavu la kushoto, yakakaa chini ya nyusi, karibu na mzizi wa pua. Nilipoinama kuangalia tairi, uso ulijaa kama sufuria inayotaka kufurika. Asubuhi ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Nilikaa kitandani nimeshika paji la uso kwa viganja viwili, mke wangu ananitazama.

Nikaamua ni jino. Mtaalamu wa meno aligonga meno yangu moja moja kwa chuma chake, akasema haoni lililooza. Nikamwambia linaloniuma nalijua mimi, nikamwonyesha. Aliniomba nirudi baada ya wiki moja kwanza, nikakataa. Akaling'oa. Lilitoka zima, jeupe, na mizizi yake yote. Ganzi ilipoisha jioni, maumivu yalikuwa palepale, na sasa nilikuwa na pengo.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Kamachumu kumwona mama yangu. Alichemsha majani ya mubirizi, yale machungu, akaniinamisha juu ya sufuria na kunifunika blanketi. Nilikaa humo mpaka jasho likawa linadondoka kwenye mvuke. Aliponifunua, alinishika kidevu kama nilivyokuwa nikishikwa nikiwa mdogo, akanigeuzia dirishani kwenye mwanga.

"Jicho lako la kushoto limeshuka," alisema kwa Kihaya.

"Ni mvuke, mama. Uso umevimba."

"Mvuke hauwezi kusogeza jicho. Limeshuka na limetoka nje. Hebu nitazame. Unaona? Hili linanitazama mimi, lile linatazama mlango."

Nilicheka, ili naye acheke. Hakucheka. Nilipoondoka alinisindikiza mpaka barabarani, akiwa na mkungu wa ndizi aliotaka niupeleke nyumbani, na hakuniachia mkono mpaka gari liliposimama.

Siku chache baadaye nilikuwa ninaosha basi kwenye ua wa shule. Nilinyanyua macho kutoka kwenye ndoo nikaona namba za gari ziko mbili, moja juu ya nyingine, zimelala upande kidogo. Nilipepesa, zikarudi kuwa moja. Nikasema ni sabuni. Kesho yake nikaona matroni wawili wanashuka ngazi za basi, mmoja amepita ndani ya bega la mwenzake. Nilifumba jicho la kushoto, akabaki mmoja.

Hapo ndipo ningetakiwa kusimama. Sikusimama. Nilitafuta mbinu. Nilinunua miwani ya jua, nikabandika utepe mweusi kwa ndani ya kioo cha kushoto, nikawa naendesha kwa jicho moja. Nilijifunza kugeuza kichwa chote kutazama kioo cha pembeni. Nilipunguza mwendo, na wazazi wengine wakanisifu kwamba siku hizi dereva ametulia. Nilipokea sifa hizo.

Watu wameniuliza kwa nini sikusema. Niliogopa kuondolewa kwenye usukani, hilo ni kweli. Lakini kulikuwa na hofu kubwa zaidi ya hiyo. Jirani yetu mmoja pale Nyanga aliwahi kuanza hivyohivyo, kichwa kuuma na jicho kutoka nje, akapimwa akaambiwa ana uvimbe kichwani, na hakumaliza mwaka. Nilihisi kwamba maadamu sijapimwa, sina ugonjwa wenye jina. Nilijiambia nitakwenda hospitali shule ikifungwa. Nilihesabu siku zilizobaki, na kila asubuhi nilipowasha gari niliomba Mungu tu anifikishe. Sikumwomba aniponye. Nilimwomba anifikishe.

Ulikuwa msimu wa mvua. Asubuhi ile ukungu ulikuwa umelala juu ya migomba ya Kitendaguro, na kioo cha mbele kilikuwa kinashika mvuke kwa pumzi za watoto. Miwani nayo ilikuwa inashika mvuke, nikaivua nikaiweka juu ya dashibodi. Nilikusudia kufumba jicho kama kawaida. Tulipoanza kuteremka, zikatokea mbele yangu pikipiki mbili zenye taa, zinapanda. Moja ilikuwa upande wake. Nyingine ilikuwa upande wangu, inanijia usoni.

Sikuwa na muda wa kufumba jicho. Nilikwepa ile iliyokuwa inanijia.

Haikuwepo. Ilikuwepo moja tu, ile ya upande wake, nayo ilipita salama. Mimi nilikuwa nimekwishaupeleka usukani kushoto, na tairi za kushoto zikatumbukia mtaroni kwa kishindo. Basi liliinama, likakwama kwenye ukingo wa udongo, likasimama. Kwa muda mfupi hapakuwa na sauti yoyote nyuma yangu. Ukimya ule ninausikia hadi leo. Kisha mtoto mmoja akaanza kulia, na wote wakafuata, na mimi nikashukuru kwamba wanalia.

Matroni aliwahesabu mara mbili kwa kuwagusa vichwa. Binti mmoja wa darasa la kwanza alikuwa amegonga mdomo kwenye kiti, mdomo umepasuka, damu imemwagika kwenye sweta. Wengine walikuwa wazima. Watu walitoka kwenye vibanja vyao, yale mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, wakasaidia kuwashusha watoto kupitia mlango wa nyuma na kuwakinga mvua kwa majani ya migomba. Mwendesha pikipiki alirudi, akanitazama kwa mshangao.

"Ulikuwa unamkwepa nani?" aliniuliza. "Barabara ilikuwa nyeupe."

Matroni alikuja akasimama mbele yangu, karibu sana, akaweka kiganja chake juu ya jicho langu la kulia. "Tata, hivi ni vidole vingapi?"

Nilijua ameinua mkono kwa sababu niliona kivuli. Katikati palikuwa na weusi kama moshi. "Vitatu," nilibahatisha.

Akateremsha mkono wake. Machozi yalikuwa yamemjaa. "Sikunyoosha hata kimoja. Nilikunja ngumi." Kisha akasema kwa sauti ya chini, ili watoto wasisikie, "Niliona utepe kwenye miwani yako wiki iliyopita. Nikasema nitakuuliza kesho. Na kesho yake nikasema kesho."

Watoto walichukuliwa na gari jingine. Mimi nilitembea kwa miguu mpaka shuleni, nikaingia ofisi ya mkuu wa shule nikiwa nimelowa. Ni mwanamke ambaye hajawahi kupaza sauti mbele ya mtu. Nilimweleza yote, tangu namba za gari kuonekana mbili hadi vidole vya matroni. Nikaweka funguo mezani.

Alizivuta upande wake. "Kwa siku ngapi?" aliuliza.

"Wiki tatu, mwalimu. Huenda zimezidi."

"Asubuhi na mchana?"

"Ndiyo."

Akavua miwani yake, akasugua macho. "Sitakuficha. Nitawaambia wazazi, wote, leo hii. Na wewe nenda hospitali sasa hivi, kabla hujabadili nguo. Nikikupa ruhusa ya kwenda nyumbani kwanza, hutafika."

Alikuwa amenisoma vizuri. Alimtuma mlinzi anisindikize.

Kwenye chumba cha macho nilisomeshwa herufi ukutani. Kwa jicho la kulia nilisoma mpaka mstari wa chini. Kwa la kushoto niliona tu kwamba kuna ubao. Daktari, kijana mwenye subira, alichukua chupa ya dawa ya matone yenye kifuniko chekundu, akaishika mbele yangu. "Fumba la kushoto. Rangi gani?"

"Nyekundu."

"Sasa fumba la kulia."

Nilikaa nikiitazama. "Kama udongo," nilisema. "Kama udongo uliolowa."

Aliandika kitu. Akamulika ndani ya macho yote mawili, taa ikienda huku na kurudi, kisha akaniuliza jambo ambalo sikulitarajia: pua yangu ilikuwaje. Nikamweleza habari za miaka yote, vumbi la kahawa, vidonge, jino. Akabonyeza kwa kidole pale kwenye kona ya jicho karibu na pua, nikaruka kitini.

"Mboni na kioo cha jicho lako ni vizima," alisema. "Kuna kitu nyuma kinachosukuma jicho na kuubana mshipa wake wa kuonea. Nataka upigwe picha ya kichwa."

Neno "kitu" lilinitosha. Mke wangu alipofika alinikuta nimekaa kwenye benchi la korido nikimfikiria yule jirani yetu.

Picha ilisomwa na daktari wa masikio, pua na koo. Aliibandika kwenye kioo chenye taa, akatuita mimi na mke wangu tusogee. Alitueleza kwamba ndani ya mifupa ya uso kila mtu ana vyumba vidogo vyenye hewa, vinavyotoa uchafu wake puani kupitia vitundu vyembamba. Kwangu, kwa sababu ya uvimbe wa miaka mingi, vitundu vya upande wa kushoto vilikuwa vimeziba kabisa. Makamasi yalikosa pa kutokea, yakakusanyika, yakaganda, yakatanua chumba chake kidogo kidogo mpaka mfupa unaotenganisha pua na jicho ukawa mwembamba, na sehemu nyingine haukuwepo tena.

"Hapa," alisema, akigusa duara la kijivu lililolala ubavuni mwa jicho. "Hili ndilo linalolisukuma jicho lako."

"Ni saratani?" Mke wangu ndiye aliyeuliza. Mimi nilishindwa kulitoa hilo neno.

"Halina sura hiyo. Lakini siwezi kukuahidi kabla maabara hawajaangalia kipande. Tunatakiwa kukifungua hicho chumba kilichoziba kwa kupitia puani na kuutoa uchafu. Daktari bingwa wa upasuaji huo anakuja wiki ijayo. Tutakuweka Jumatano." Akageuka kwangu. "Jicho likizidi kufifia kabla ya hapo, usisubiri Jumatano. Unanielewa? Njoo siku hiyohiyo."

Siku zile za kusubiri sizitamani tena. Kila asubuhi mke wangu alisimama mlangoni na kikombe chetu chekundu cha plastiki, mimi nimefumba jicho la kulia, na kila siku rangi ilizidi kuwa kama ya udongo. Simu za wazazi zilikuwa zinaingia. Wengine walinipa pole. Mmoja aliniambia angekuwa na uwezo angenifunga. Ijumaa alikuja nyumbani mama wa yule binti aliyepasuka mdomo. Alikataa kiti na alikataa chai.

"Sikuja kugombana," alisema akiwa amesimama. "Nataka uniambie kitu kimoja tu. Ulipokuwa unampandisha mwanangu kwenye gari, ulikuwa unafikiria nini?"

"Nilikuwa nafikiria kufika," nilimwambia.

Alitikisa kichwa taratibu, mara nyingi. "Ameshonwa nyuzi mbili. Anakuulizia. Anasema dereva yuko wapi." Akaondoka. Mke wangu alimsindikiza, na niliwaona kupitia dirishani wamesimama kwenye migomba kwa muda mrefu, lakini sikuwahi kuambiwa walizungumza nini.

Jumapili asubuhi, tulipokuwa tunajiandaa kwenda kanisani, nilipiga chafya. Maumivu yalinichoma kutoka kwenye nyusi hadi kisogoni, nikaanguka magoti sakafuni. Mke wangu alileta kikombe mbio, nikafumba jicho la kulia.

"Rangi gani?"

"Kiko wapi?" nilimuuliza.

"Nimekishika. Nimekishika hapa mbele yako."

Nilinyoosha mkono nikakigusa. Sikukiona. Kwa jicho la kushoto kila kitu kilikuwa kijivu, kama ukungu wa asubuhi ile, isipokuwa pembeni kabisa nilipoona kipande cha kitenge chake. Nilimwambia nguo nimevaa, twende. Nilishangaa jinsi sauti yangu ilivyokuwa tulivu. Viatu alinivalisha yeye.

Bingwa alikuwa amewasili jana yake, akipumzika. Walimpigia simu. Aliingia na shati la kanisani, akanimulika, akaitazama picha kwa muda mfupi sana. "Leo," aliwaambia wauguzi. "Andaeni chumba." Kisha akaniambia wazi kwamba mshipa wa jicho ukibanwa sana unakufa, na ukifa haurudi, na kwamba yeye atafungua njia lakini jicho litaamua lenyewe kama litarudi. Niliweka sahihi. Maumivu yalikuwa yamenifumbisha macho yote mawili, nikaomba niwekewe kidole cha mtu pa kuanzia. Mke wangu aliweka chake.

Nilipozinduka pua ilikuwa imejazwa pamba na damu kavu ilikuwa mdomoni. Nilihisi kiu, nilihisi kichefuchefu. Ilinichukua muda kugundua kitu kilichokosekana. Uso haukuwa umejaa. Pale chini ya nyusi palikuwa na maumivu ya kidonda tu, maumivu madogo, ya kawaida. Nililia, muuguzi akanikataza, kwa sababu ya ile pamba.

Bingwa alikuja baadaye akaniambia uchafu uliotoka ulikuwa mzito kama gundi ya kahawia, umekaa humo huenda zaidi ya miaka kumi. Alinifunika jicho la kulia. Niliona dirisha. Sikuona vioo vyake wala nondo zake, ila niliona kwamba kuna dirisha na nje kuna mwanga. Akasema hilo ni jambo jema, nisiombe zaidi siku ya kwanza.

Majibu ya maabara yalichukua wiki mbili, na katika wiki hizo mbili nililala vibaya kuliko kabla ya upasuaji. Haikuwa saratani. Mama yangu alikuja kutoka Kamachumu siku tuliyoyapata, akanishika kidevu tena, akanipeleka kwenye mwanga, akapima macho yangu kwa muda. "Yote yananitazama mimi," alisema, akaketi, akaomba maji.

Jicho limerudi, lakini si lote. Sioni vitu viwili tena. Herufi za katikati ya ubao ninazisoma, za chini hapana, na rangi nyekundu kwa jicho hilo imebaki nzito, kama nguo iliyofuliwa mara nyingi. Basi sikurudishiwa, na sikuliomba. Mkuu wa shule alinipa kazi ya stoo na bustani kwa muhula mmoja, kisha nikaamua kurudi Kamachumu kushughulikia kibanja na mibuni ya mama. Matroni hunipigia simu wakati mwingine. Hatuizungumzii asubuhi ile. Ananiambia nani amevuka darasa gani, na mara moja aliniambia kwamba yule binti ana kovu dogo tu, ambalo usipoambiwa hulioni.

Ninaosha pua kwa maji ya chumvi kila siku kama nilivyofundishwa. Mafua yakinishika, mke wangu hujifanya hana habari, lakini vikombe vyote vya mezani siku hiyo huwa vyekundu. Na kila baada ya miezi mitatu nakwenda Bukoba kliniki.

Mara ya mwisho nilikaa kwenye benchi karibu na mtu wa makamo, mpana wa mabega, aliyeniambia ametokea kwenye kisiwa kimoja cha Muleba na kwamba amekuja kwa ajili ya jino. Alikuwa amejishika shavu. Nilipomtazama vizuri niliona kwamba anaposoma maandishi ya mlangoni anafumba jicho moja.

"Unaona viwili?" nilimuuliza.

Aligeuka haraka. "Nani amekuambia?"

"Hakuna. Nauliza tu. Unafanya kazi gani kule?"

Alitazama mikono yake. "Naendesha boti," alisema. "La abiria."

Nilimweleza habari zangu zote, hata zile ambazo sijawahi kumweleza mama. Alisikiliza bila kunitazama. Nilipofika kwenye mtaro wa Kitendaguro alisimama, akasema anakwenda kununua maji, atarudi. Nilimfuata mpaka getini nikimwita, lakini hakugeuka. Nikarudi nikamweleza muuguzi wa mapokezi: mtu wa namna gani, shati lake rangi gani, boti, jicho. Akaandika kwenye karatasi, akatuma mtu akamtafute nje. Jina langu likaitwa nikaingia kwa daktari, na nilipotoka nafasi yake kwenye benchi ilikuwa bado tupu. Niliketi tena pale, nikitazama mlango, mpaka kliniki ilipofungwa.